Nilivyopima tope la ziwani huku Kolwezi, na mihogo ya kina mama ikawa inapitisha namba

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, ila leo nimekaa nyumbani, umeme umerudi, nikasema niandike. Yote niliyoandika hapa yamenitokea mimi mwenyewe. Nimeficha jina la ziwa na la kampuni, na watu nimewapa majina mengine, kwa sababu bado naishi huku. Mengine yote yako kama yalivyokuwa.

Uzi ni mrefu kidogo. Asiyependa kusoma apite salama.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mkongo, nimezaliwa Kisenge, kule kwenye migodi ya manganizi, nikakulia Kolwezi. Niliondoka nikiwa kijana bila mtu wa kunipokea mbele. Nilivuka Kasumbalesa, nikapita Zambia, nikaingia Tunduma, nikafika Dar nikiwa na begi moja na Kiswahili cha "mi naenda ku soko" ambacho kila mtu alikicheka.

Nilikaanga chipsi. Nilibeba viroba. Nilijilipia chuo mwenyewe mpaka nikapata diploma ya mambo ya mazingira, na si ya kubahatisha, nilikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri darasani. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli. Hakuna mjomba aliyenipigia simu popote.

Baadaye nikapata kazi kwenye kampuni iliyokuwa inapanua njia ya meli bandarini. Kwa wasiojua, tope likichimbwa kutoka chini ya bandari lazima liende mahali. Linapakiwa kwenye tishari, linapelekwa mbali baharini, sehemu iliyopangwa, tumbo la tishari linafunguliwa, tope linazama. Kazi yangu ilikuwa kufuatilia linakokwenda. Je, linatua pale pale, au linageuka wingu na kwenda kufunika matumbawe na sehemu za wavuvi?

Hiyo kazi niliifanya kwa miaka, tena vizuri. Kuna mainjinia wa kigeni walikuwa hawasaini report ya wiki mpaka waulize kama mimi nimeiona.

Basi, nikarudi nyumbani.

Watu wa Kolwezi walinicheka sana. Huku ni shaba na kobalti. Ukisema umesomea mazingira wanadhani utapanda miti. Ukisema umepima tope la baharini, ndiyo unawamaliza kabisa.

Ila nilijua ninachofanya. Sehemu za huku zina mabwawa ya umeme kwenye Lualaba, na bwawa lolote hujaa tope. Mvua inashusha udongo, machimbo nayo yanachangia udongo wake, na mwisho wake tope linakaa mbele ya milango ya kuingizia maji kwenye mitambo. Siku moja nikasikia kampuni fulani imepata contract ya kuchimba tope la bwawa moja, kulipakia kwenye tishari na kulitupa sehemu yenye kina kirefu katikati ya ziwa.

Yaani kazi yangu ile ile, tofauti ni kwamba maji hayana chumvi.

Nilipeleka CV. Mkuu wa site, ambaye nitamwita chef Placide, aliisoma akiwa amesimama. Ni Mkongo mwenzangu, injinia wa Lubumbashi, mtu wa suti hata kwenye vumbi. Aliuliza swali moja tu, "Unaweza kuanza lini?" Mtu aliyekuwepo kabla yangu alikuwa ameondoka, na kwa masharti ya kibali, bila mtu wa kupima hawaruhusiwi kutupa.

Dereva wa boti niliyopewa anaitwa Jeannot. Mtu mzima, mcheshi, hana adabu hata kidogo. Siku ya kwanza aliniangalia na life jacket yangu niliyotoka nayo Dar, akapiga saluti.

"Amiral! Bahari yenyewe umeiacha wapi?"

Tangu siku hiyo jina langu likawa Amiral, yaani mkuu wa jeshi la majini, mpaka leo.

Sasa nieleze jinsi upimaji unavyofanyika, maana bila hiki hamtaelewa mbele.

Tope likimwagwa, maji yanachafuka. Kuna sensa inapima yamechafuka kiasi gani; yakichafuka zaidi, namba inapanda. Lakini namba ya sensa peke yake haina maana, kwa sababu ziwa lenyewe huchafuka kwa mvua na upepo. Kwa hiyo unaweka vituo viwili. Kimoja kinakaa upande ambako wingu la tope linaelekea. Kingine kinakaa mahali ambapo tope halifiki kabisa, ili kikuambie maji ya kawaida ya siku hiyo yakoje. Hicho cha pili tunakiita kituo cha rejea.

Unachukua namba ya kwanza, unatoa ya pili. Tofauti ikivuka kiwango kilichoandikwa kwenye mpango wa mazingira, simu yangu inalia kengele, na tishari linatakiwa lisimame. Isipovuka, linaendelea.

Ni hivyo tu. Nilishawafundisha vijana wengi kule pwani, wanaelewa kwa asubuhi moja.

Ziwa letu lina rasi inayoingia majini, na juu ya rasi kuna kijiji. Upande wa mashariki wa rasi ndiko wanaume wanakotega nyavu, na ndiko wingu la tope linakoelekea. Upande wa magharibi kuna kighuba kimetulia, kimezungukwa na matete. Boya la kituo cha rejea lilikuwa limefungwa mdomoni mwa kighuba hicho. Nililikuta pale.

Wiki ya pili hivi, nikiwa chini ya turubai letu ufukweni naandika, akaja mzee mmoja na wavu begani. Huyo ndiye tata Kasongo (tata ni baba, mzee), mkubwa wa wavuvi wa pale. Hakusalimia. Aliutupa wavu mezani kwangu, juu ya karatasi, karibu na laptop. Umejaa tope la kijivu, zito, limeshika kila jicho la wavu.

"We njo mwenye kupima mayi?"

"Ndiyo, tata, mpima maji ni mimi."

"Basi pima hii."

Nikamweleza kwa heshima zote. Nikamwonyesha namba. Nikamwambia wingu lipo, ndiyo, lakini tofauti iko ndani ya kiwango, na tope likiwa ndani ya kiwango samaki hawadhuriki.

"Mashini yako inakulaka samaki?"

"Hapana, tata."

"Mi nakulaka. Batoto yangu banakulaka. Perege banatagia pale chini ku muchanga, na muchanga hauonekane tena, ni bulongo tu. Unaniambia iko muzuri?"

Jeannot akadakia, "Tata, muache Amiral, huyu ni mutu wa bahari, samaki wa kwao banavaaka kravati ku shingo."

Mzee hakucheka. Aliokota wavu wake akaondoka, na tope, hiyo bulongo yake, likabaki kwenye karatasi zangu.

Wakuu, nieleweni. Mimi si mtu wa kudharau wavuvi. Kule pwani niliwahi kusimamisha tishari kwa sababu ya malalamiko ya wavuvi, na nilikuwa sahihi. Lakini hapa namba zilikuwa zinagoma kukubaliana naye. Nilizikagua zote. Sensa nilizipima kwenye maji yenye kipimo kinachojulikana, ziko safi. Nilibadilisha betri. Nikahamisha sensa ya mashariki kuipeleka kwenye rejea, na ya rejea nikaipeleka mashariki, nione kama moja ni mbovu. Majibu yale yale.

Mashariki maji yalikuwa yamechafuka, kweli. Ila kwenye rejea nako yalikuwa yamechafuka. Ukitoa, kinabaki kidogo.

Kwa hiyo kila jioni nasaini: ndani ya kiwango. Na kila asubuhi napita kwa boti mbele ya wanaume wanaokung'uta tope kwenye nyavu, nao wananifuata kwa macho.

Inachosha, jamani. Watu wanafikiri kazi hii inachosha kwa sababu ya jua. Kinachochosha ni kusema kitu sahihi kwa mtu ambaye unaona kwa macho yako kwamba ana haki.

Nikawa narudi kwenye kontena la kulala sina hamu ya chakula. Napiga hesabu upya kwenye kichwa. Kasongo alikuwa anapoteza sehemu ya kuvulia ambayo baba yake alimwachia, na karatasi iliyokuwa inaruhusu hilo ilikuwa na sahihi yangu.

Halafu ukatokea msiba.

Mama mzazi wa chifu wa kijiji alifariki, bibi kizee sana, aliyezaa nusu ya rasi ile. Huku kwetu kilio cha mtu wa aina hiyo si cha mchezo. Kijiji chote kinahamia pale uani. Wanawake wanalala kwenye mikeka ndani ya nyumba ya marehemu, wanaume wanakaa nje kwenye moto. Hakuna anayekwenda shamba, hakuna anayekwenda ziwani, na mwanamke atakayeonekana anafanya kazi yake binafsi kipindi hicho atasemwa mpaka wajukuu zake.

Kampuni yetu haikusimama. Chef Placide alituma sukari na mchele, akasema kazi iendelee.

Siku ya kwanza ya kilio sikuona kitu. Iliyofuata, namba ya rejea ikaanza kushuka. Iliyofuata tena ikaanguka kabisa, kama mtu amekata kamba.

Ya mashariki ipo pale pale.

Simu yangu ikalia kengele ya kuvuka kiwango. Tangu nianze kazi ile sikuwahi kuisikia.

"Amiral, kintu yako inalia," Jeannot akasema.

"Sensa imekufa," nikamjibu. "Twende."

Tukaenda kwenye boya la rejea. Nikaitoa sensa, nikaifuta, nikaipima. Nzima. Nikachukua chupa, nikachota maji kwa mkono, nikayainua juani. Yako maangavu, unaona vidole vyangu upande wa pili.

Nikamwambia Jeannot azime injini.

Tulikaa pale tunaelea. Kuna kitu kilikuwa kimepungua na sikujua ni nini. Ilinichukua muda. Halafu nikagundua ni harufu.

Kila siku niliyofika kwenye lile boya kulikuwa na harufu ya mihogo iliyolowekwa. Kwa msioijua, huku kwetu mihogo humenywa, inatiwa kwenye mifuko, inazamishwa majini na kukandamizwa kwa mawe mpaka ilainike na kutoa sumu yake, ndipo inaanikwa na kusagwa unga wa bukari. Bukari ndiyo ugali wenu. Hiyo mihogo ikiwa majini inatoa uchachu na utomvu mweupe, maji yanakuwa kama yametiwa maziwa. Na harufu yake, mgeni akiisikia mara ya kwanza anashika pua.

Mimi sikushika pua. Nimekua ndani ya harufu ile. Miaka yote niliyokaa pwani nakula ugali wa mahindi matupu, ndiyo harufu niliyoikumbuka. Niliporudi, pua yangu haikuniambia "maji haya yana kitu". Iliniambia "umefika nyumbani."

Mzungu angeishtukia siku ya kwanza. Naandika hili na bado linaniuma.

Na Jeannot je? Na chef Placide? Na wote waliopita pale na boti? Wote ni watu wa huku. Tulijua kina mama wanaloweka kwenye yale matete, tuliwaona, tuliwapungia mkono. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba hiyo ni shughuli ya binadamu kwenye maji. Kuloweka mihogo kwetu ni kama kupumua. Nani anaandika kwenye report kwamba watu wanapumua?

"Jeannot," nikamwambia, "bamama wako ku kilio."

"Eeh, bote."

"Hakuna mufuko hata moja mule ndani, balitoa yote siku kilio ilianza."

Akaangalia matete, akaniangalia mimi. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Hesabu mnaiona wenyewe. Kituo cha rejea kilikuwa kinapima utomvu wa mihogo na kuuita maji ya kawaida. Kwa hiyo tope la upande wa pili lilikuwa linaonekana dogo. Mihogo ya wake ndiyo ilikuwa inawakanusha waume zao.

Hapo hapo nikamlaani moyoni mtu aliyekuwepo kabla yangu. Nikasema huyu alipata wapi cheti, anaweka boya la rejea kwenye sehemu ya kulowekea! Nikapanga kabisa maneno ya kumwandika kwenye report.

Jioni nikaenda kwenye kilio. Nilivua viatu, nikatoa pole, nikakaa na wanaume. Baadaye nikamwona mke wa tata Kasongo, mama Mujinga (ni jina la kawaida huku, si tusi), ametoka kuchota maji ya kunawa. Ni mwanamke mnene, sauti kubwa, kiongozi wa kina mama pale. Nikamsogelea nikamuuliza kama pale kighubani wamekuwa wakiloweka siku zote.

Akanitazama juu mpaka chini.

"Wee, mutoto wa Kisenge. Banasema ulisoma ku Tanzania. Unakuya ku kilio kuniuliza mihogo? Njaa imekukamata?"

Wenzake wakaziba midomo wasicheke, maana ni msibani.

Nikamwambia, mama, tafadhali, ni jambo la maana.

"Zamani hapana," akasema. "Shiye tulikuwa tunaloweka ku ngambo ile, kule bwana yangu anategaka. Huku magaribi hakukuwa mutu. Kisha mukaanza kumwanga bulongo yenu. Inaingia mu mifuko. Unapika bukari, unakula, inalia mu meno, krr krr krr. Njo tukahamia huku. Kwanza mi na dada yangu, kisha bote. Sasa hata nafasi ya kuweka jiwe haiko."

Nikamshukuru, nikarudi kukaa na wanaume.

Mnaelewa alichosema? Yule aliyekuwepo kabla yangu hakukosea. Alipoweka boya, kighuba kilikuwa safi, hakuna mtu. Ni tope letu lililowafukuza kina mama mashariki na kuwaleta kwenye rejea. Kadiri tulivyotupa zaidi, ndivyo walivyohamia wengi. Walivyohamia wengi, rejea ikachafuka zaidi. Rejea ilipochafuka zaidi, sisi tukaruhusiwa kutupa zaidi.

Hakuna aliyepanga. Ingekuwa hila ya mtu ningeipenda, kwa sababu hila ya mtu unaweza kuikasirikia.

Maneno niliyompangia yule jamaa nikayafuta.

Asubuhi nikaenda ofisini kwa chef Placide na grafu mbili. Nikamweleza taratibu kama nilivyowaeleza ninyi. Ni mtu mwenye akili, alielewa kabla sijamaliza. Alivua miwani, akapangusa, akavaa.

"Alors," akasema, "ile kilio inaisha siku gani?"

"Chef?"

"Bamama batarudia mu mayi siku gani?"

Nikafikiri ananitania. Hakuwa anatania. Alikuwa anahesabu. Kina mama wakirudi na mifuko yao, namba zitarudi sawa, na siku hizi chache tutaziandika kuwa hitilafu ya kifaa.

"Chef, kifaa hakina hitilafu. Nimekipima mara zote."

"Mon cher, ndugu yangu, mi najua hakina. Lakini sikia. Mitambo inahitaji mayi safi mbele ya mulango. Migodi inahitaji umeme. Bijana ba hapa kijijini bako kwa tishari, banalisha familia. Balikuwa creuseurs, bachimbaji ba mikono, ku mugodi ya Mashamba, banaingia mu mashimo bila kofia. Sasa bako na kazi ya mushahara. Unataka kuwarudisha?"

Hakuwa mtu mbaya, wakuu, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Hicho ndicho kilichonichosha zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na mwizi, nikamkuta mtu anayetetea mishahara.

Nikamfungulia mpango wa mazingira kwenye laptop. Umeandikwa kwamba kituo cha rejea kikae mahali pasipo na athari ya shughuli za watu, na kwamba mpimaji akiona athari hiyo atakihamisha na kutoa taarifa. Atakihamisha. Haisemi ataomba.

"Unapenda sana ile diploma yako," akaniambia.

"Niliilipia mwenyewe, chef."

Akanirudishia laptop. Halafu akasema, kwa sauti ya chini ya mtu aliyechoka kama mimi, "Fanya. Lakini contract yako mi sitaweza kuitetea."

Mchana huo mimi na Jeannot tukalivuta boya. Tukalipeleka juu kabisa, mahali mto unapoingilia ziwani, hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna mihogo. Ni mbali, mafuta mengi, na mtandao wa simu unashika ukisimama juu ya kiti cha boti tu. Jeannot alinung'unika njia nzima. Tulipofika akafunga nanga mwenyewe, akaikaza mara mbili.

Kengele ikaanza kulia kila siku tishari likitupa.

Taarifa ikaenda kwa kampuni, kwa mwenye bwawa na kwa serikali. Baada ya kusukumana kwa barua, utupaji ukasimamishwa. Walijaribu kutupa kidogo kidogo, bado kengele ikalia. Mwishowe wakapakia mitambo wakaondoka, wanasema watarudi na mpango wa kuliweka tope nchi kavu. Mpaka leo sijaona mtu.

Msifikiri nilibebwa juu juu.

Vijana waliokuwa kwenye tishari walinisubiri ufukweni siku ya mwisho. Hawakunigusa. Mmoja tu akaniambia, "Amiral, weye una diploma, utapata kazi. Shiye tunarudia mu shimo." Na wengine walirudi kweli. Mmoja nilimwona majuzi njia ya machimbo ya Mutoshi, juu ya pikipiki na mfuko wa mawe, mweupe wa vumbi mpaka kope. Tulisalimiana.

Contract yangu haikuongezwa. Hilo nililitarajia, na sijamlilia mtu. Nina akili yangu na mikono yangu, nimeanza na begi moja kabla, nitaanza tena. Sasa hivi nafanya kazi ndogondogo za kupima maji ya visima kwa watu binafsi hapa mjini, na nimeanzisha mafunzo kwa vijana watatu sebuleni kwangu. Anayedhani nimeshuka, ajue nimepumzika tu.

Mama Mujinga alinipigia simu mvua zilipoanza kukatika. Kina mama wamerudisha mifuko mashariki. Maji yametulia, bukari hailii tena kwenye meno. Alinisema kwa muda mrefu kwamba sijaoa, halafu akakata.

Mwaka huu kiangazi, tata Kasongo naye akapiga. Huyu mzee hapigi simu ovyo. Nikapokea kwa furaha, nikijua anataka kunishukuru, kwa nini niseme uongo.

"Wavu inatoka safi," akasema. "Hakuna bulongo hata kidogo."

"Tunamshukuru Mungu, tata."

"Inatoka safi, na haina kintu."

"Hata samaki mmoja, tata?"

"Kambale mumoja, mubili, bale ba kupita. Perege hapana. Nilizama mi mwenyewe kuangalia pale banatagiaka. Chini ni bulongo tu, imeganda sawa saruji. Mayi juu iko muzuri, unaona mbali. Chini hakuna mwenye kuishi."

Halafu akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza fundi, "Weye unajua bulongo. Itatoka siku gani?"

Nilimwambia nitampigia.

Sasa wakuu, fundisho nililolipata kwa wale mnaofanya kazi za namna hii. Sensa usiishuku kabla hujashuku mahali ilipo. Na kama umekulia kwenye eneo unalolipima, chukua mtu ambaye hakukulia pale, mpitishe kila kituo, akunusie. Utaona aibu, lakini utaona pia usichokiona. Jingine ni kwamba kuacha kutupa si sawa na kurudisha. Mimi nilihesabu ushindi siku tishari lilipoondoka, wakati mzee wa watu ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusubiri.

Sijampigia bado, na ndiyo sababu hasa ya uzi huu.

Kule pwani tulikuwa tunarudi kupima baada ya misimu kadhaa, na tulikuta mawimbi na mikondo imeshasambaza tope, viumbe vimeanza kurudi. Lakini hapa ni bwawa. Hakuna kupwa wala kujaa, hakuna dhoruba ya kulikoroga. Limetua na limelala. Nimesoma kila nilichoweza kukipata, nimeuliza niliosoma nao, kila mtu ana "inategemea" yake.

Humu najua kuna watu wa mabwawa, watu wa uvuvi, watu wa Mtera, wa Kidatu, wa Kariba. Si kawaida yangu kuomba msaada, mnaonijua humu mtakubali. Kuna yeyote aliyewahi kuona perege wakirudi kutaga juu ya tope la aina hii? Ilichukua muda gani? Kuna kitu mtu anaweza kufanya, kumwaga mchanga juu yake, kulikwangua, chochote ambacho wavuvi wenyewe wanaweza kukimudu?

Matusi kwa waliorudi kutoka nje mnaweza kuyaweka, nimeyazoea. Ila kwanza mnijibu hilo. Mzee ana namba yangu, na akipiga, hupiga Jumapili baada ya misa.